Kutafuta fedha za usafiri wa umeme Dodoma: mwongozo kamili kwa wenye bajaji, wafanyabiashara na halmashauri

Ukishuka treni ya SGR Dodoma ukitokea Dar es Salaam, umesafiri zaidi ya kilomita 400 kwa umeme. Treni hiyo ilianza kutufikisha hapa Julai 2024. Halafu unatoka nje ya stesheni, unaita bajaji, na kipande cha mwisho hadi Ilazo, Nkuhungu au Nzuguni unakimaliza kwa petroli. Mwongozo huu unahusu kipande hicho: bajaji, bodaboda, guta, basi la wafanyakazi na gari la taka la halmashauri, na mahali pa kupata fedha za kuvihamisha kutoka kwenye mafuta.

Nimesaidia vikundi kadhaa vya hapa mjini kuandika maombi yao, na nimeona mengi yakikataliwa. Karibu kila mara sababu ilikuwa ileile. Mwombaji alikuja na habari za hali ya hewa na tabianchi, na aliyeshika fedha alikuwa anasubiri kuonyeshwa marejesho yatatoka wapi. Kwa hiyo tutaanza na daftari. Benki na mifuko vitafuata.

Hatua ya 1: Andika siku 30 kabla ya kuandika andiko

Nunua daftari la kawaida. Kwa siku 30, kila chombo kiandikiwe mambo manne kila jioni: kilomita kilizotembea, lita za mafuta, fedha iliyoingia, na saa ambazo kilisimama bila kazi. Kama mita ya kilomita imekufa, itengeneze kwanza. Msimamie dereva, au umlipe kidogo kwa kazi hiyo, maana bila yeye namba zitakuwa za kubuni na afisa wa mikopo mwenye uzoefu atazigundua mara moja.

Saa za kusimama ndizo ambazo watu huzisahau, na ndizo zenye thamani kuliko zote. Chombo cha umeme kinahitaji muda wa kuchaji. Kama daftari linaonyesha kuwa bajaji zenu hupumzika kuanzia saa sita mchana hadi saa tisa, jua linapowaka, basi mna nafasi ya kuchaji bila kupoteza abiria. Kama hazisimami kabisa, itabidi bajeti iwe na betri za akiba, na mkopo utakuwa mkubwa zaidi.

Nitoe mfano wa bodaboda mmoja. Weka namba zako badala ya hizi. Tuseme anatembea kilomita 120 kwa siku na pikipiki inatumia lita 2.5 kwa kilomita 100. Hizo ni lita 3. Petroli ikiwa shilingi 3,000 kwa lita, anachoma 9,000 kwa siku (bei halisi iangalie kwenye bei kikomo ambazo EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, huzitangaza kila mwezi). Pikipiki ya umeme ya kazi hiyohiyo huhitaji kama uniti 4 kwa kilomita 100. Ukiongeza upotevu wa chaja, kwa siku ni uniti 5.5 hivi. Umeme wa TANESCO wa matumizi ya kawaida, ule wa T1, ni shilingi 292 kwa uniti, na kodi na tozo zikiingia unafika kama 356. Kwa siku ni chini kidogo ya shilingi 2,000. Tofauti ni shilingi 7,000.

Usishangilie bado. Betri itachoka, na betri ndiyo sehemu ya bei kubwa kuliko zote katika chombo. Tenga shilingi 2,000 kila siku kwa ajili ya betri ijayo. Zinabaki 5,000. Kwa siku 26 za kazi ni 130,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,560,000. Namba hii ndiyo inayoingia benki, kwa sababu inasema mkopo wa ziada wa ukubwa gani unaweza kulipwa na akiba ya mafuta peke yake, bila kugusa hesabu ya bosi wala chakula cha nyumbani.

Upande wa hewa, lita moja ya petroli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ya ukaa, na ya dizeli takriban kilo 2.7. Lita 3 kwa siku 312 za kazi ni zaidi kidogo ya tani 2 kwa mwaka kwa pikipiki moja. Umeme wetu nao si sifuri, kwa kuwa sehemu yake inatokana na gesi asilia, ingawa tangu Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 lianze kuzalisha mwaka 2024, maji yamebeba mzigo mkubwa zaidi. Andika hivyo kwa uaminifu. Wafadhili wazuri hupima, na wakikuta umesema sifuri watatilia shaka hata yale uliyosema kweli.

Hatua ya 2: Jua nani ana mamlaka juu ya nini

Diwani mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini Jiji lisichore njia za baiskeli kesho asubuhi. Jibu ni kwamba barabara nyingi za mitaa si za Jiji kwa maana ya bajeti. Tangu mwaka 2017 barabara za mijini na vijijini ziko chini ya TARURA, na barabara kuu ziko TANROADS. Leseni za daladala, bajaji na bodaboda ni za LATRA. Umeme ni wa TANESCO, na bei zake husimamiwa na EWURA. Magari ya serikali hununuliwa kupitia GPSA, wakala wa ununuzi wa serikali, na kwa vibali. Halmashauri inabaki na stendi, vituo, maegesho, masoko, vibali vya ujenzi, sheria ndogo, mikataba ya taka na mapato yake ya ndani.

Orodha hiyo inaonekana fupi, lakini inatosha kuanzia. Andiko la halmashauri linaloomba fedha za kitu kilicho chini ya mamlaka ya mwingine hurudishwa kabla halijasomwa hadi mwisho. Lile linaloomba soketi za kuchajia kwenye stendi ambayo halmashauri inaimiliki kwa hati lina mahali pa kusimama.

Kwa hili sisi wa Dodoma tumebahatika. TAMISEMI, Wizara ya Fedha, Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira, LATRA, EWURA, wote tunawafikia kwa daladala. Mtu wa Nkasi au Newala husafiri siku nzima kuuliza swali ambalo wewe unaweza kuuliza kabla ya saa nne asubuhi. Nenda ukaulize, na ukifika omba jibu la maandishi.

Hatua ya 3: Malizana na umeme kwanza

Hapa pana mtego ambao umeumiza watu wengi. Nyumba ndogo inayotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi iko kwenye kundi la D1 na hulipa shilingi 100 kwa uniti. Pikipiki moja tu ya umeme, kwa mfano wetu, hula uniti kama 143 kwa mwezi. Ukiichajia sebuleni utaondolewa kwenye kundi hilo, na hata taa na redio ya nyumbani vitaanza kulipiwa bei ya juu. Omba mita ya LUKU ya pekee kwa ajili ya kuchaji. Faida ya pili ni kwamba risiti za LUKU hiyo zinakuwa ushahidi wako: uniti zilizonunuliwa zinalingana na kilomita zilizotembea, na mkaguzi hana cha kubishana nawe.

Chaja ya pikipiki huvuta kama nusu kilowati hadi kilowati moja, na ya bajaji huweza kuzidi hapo. Kumi zikiwashwa pamoja ni mzigo wa mashine ya kusaga. Kabla hujasaini mkopo wowote, pata makadirio ya TANESCO ya kuunganishwa, na uulize kama transfoma ya mtaa wenu inahimili. Gharama ya nguzo na waya iingie kwenye andiko. Nimeona kikundi kikipokea vyombo mwezi wa pili na umeme ukafika mwezi wa sita. Kwa miezi minne mkopo ulidaiwa na hakuna gurudumu lililozunguka.

Hatua ya 4: Vikundi, anzeni na asilimia 10

Kwa vijana wa kijiweni na akina mama wa mtaani, mlango wa kwanza ni mikopo ya halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarudi mwaka 2024. Jiji la Dodoma liliwekwa kwenye halmashauri 10 za mwanzo zilizopangiwa kujaribu kuitoa kupitia benki. Kwa hiyo mkazi wa Jiji asishangae akikuta utaratibu wake hauko sawa na wa ndugu yake wa Bahi au Kongwa.

Safari huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Yeye ndiye atakayewaambia idadi ya wanachama, ukomo wa umri na fomu zinazotumika sasa. Kikundi kinahitaji katiba, usajili, akaunti ya benki na mihtasari ya vikao yenye sahihi. Mtu mwenye ulemavu aulizie nafasi ya kuomba peke yake pale kikundi kinaposhindikana. Ningependa kuona bajaji za umeme zilizorekebishwa kwa dereva anayetumia mikono tu, kwa sababu chombo kisicho na klachi wala gia ni rahisi kukirekebisha kuliko cha petroli, na fungu lao lipo kwa mujibu wa sheria.

Katika andiko msiombe vyombo peke yake. Ombeni chombo, chaja, betri ya akiba pale daftari linapoonyesha inahitajika, mita ya umeme, bima, leseni ya LATRA, na fungu la vipuri la miezi sita. Watu huogopa kwamba orodha ndefu itaikatisha tamaa kamati. Kamati iliyowahi kuona mikopo ikikwama huogopa zaidi orodha fupi.

Kuhusu vipuri niseme kwa uchungu kidogo. Kikundi kimoja nilichokisaidia kilinunua pikipiki 6 za umeme kutoka kwa muuzaji wa mkoa mwingine. Bei ilikuwa nzuri na picha zilikuwa nzuri. Mwezi wa nane kifaa kinachotawala umeme wa mota kikaungua kwenye pikipiki mbili. Muuzaji akasema vipuri viko njiani, kisha simu ikawa haipokelewi. Pikipiki zikakaa chini ya mwembe, vijana wakarudi kukodi za petroli, na marejesho yakalipwa na wale wanne waliobaki hadi wakachoka. Vijana walifanya kazi kwa bidii, na kosa likawa langu pia, kwa kuwa nilisoma ankara kifani, ile karatasi ya bei ya muuzaji kabla ya kununua, na sikuuliza fundi ni nani.

Tangu hapo nina maswali ambayo kikundi lazima kipate majibu yake kwa maandishi kabla ya kulipa hata shilingi. Fundi yuko wapi hapa Dodoma, na anafika kwa muda gani? Dhamana ya betri ni miaka mingapi, na inapimwa kwa miezi au kwa idadi ya kuchaji? Vipuri gani viko dukani leo, ambavyo ninaweza kwenda kuvishika? Chombo kina nyaraka za forodha na kinasajilika TRA kwa jina letu? Joto la betri limejaribiwa wapi? Jua la Dodoma la mwezi wa kumi na vumbi letu si vitu vya kupuuza. Muuzaji anayekasirika kwa maswali haya amekwisha kujibu.

Nunueni vyombo viwili kwanza, viende miezi mitatu, kisha ombeni awamu ya pili mkiwa na daftari lake. Kama kamati inataka kutoa fedha zote kwa mkupuo, ombeni malipo kwa muuzaji yagawanywe.

Hatua ya 5: Mwenye biashara na benki

Mama mwenye bajaji nne za mkataba tayari anaendesha kampuni ndogo ya mikopo, hata kama hajawahi kuiita hivyo. Anampa kijana chombo, kijana analeta hesabu kila jioni, na baada ya mwaka na nusu chombo kinakuwa cha kijana. Utaratibu huu unahamia kwenye umeme bila shida, ila mambo mawili lazima yaandikwe kwenye mkataba mpya: betri ni ya nani, na nani anatunza akiba yake. Nashauri betri ibaki ya mwenye chombo mpaka mkataba uishe, na ile shilingi 2,000 ya kila siku iingie akaunti ya pekee ambayo wote wawili wanaiona.

Benki za hapa zimekusanya fedha zilizokusudiwa miradi ya kijani. CRDB iliuza hatifungani ya Kijani, yaani ilikopa kwa wawekezaji kwa riba, mwaka 2023, ikilenga shilingi bilioni 40 na kupata zaidi ya bilioni 171. NMB mwaka huohuo ilitoa hatifungani ya Jamii. Hizo si fedha za ruzuku. Hatifungani ya Kijani inamlipa mwekezaji asilimia 10.25 kwa mwaka, kwa hiyo mkopo utakaotokana nayo lazima uzidi hapo, maana benki nayo ina gharama. Neno kijani halishushi riba lenyewe. Linachofanya ni kumfanya afisa awe na sababu ya kutafuta mradi kama wako, na hapo una nafasi ya kujadili muda wa neema, muda wa marejesho na aina ya dhamana. Omba kuonana na anayeshughulikia mikopo ya mazingira. Ukiishia dirishani utapewa fomu ya mkopo wa kawaida.

Ulizia pia karadha, yaani chombo kinabaki mali ya mkopeshaji huku ukikitumia na kukilipia mpaka kiwe chako. Inamfaa asiye na hati ya nyumba. Ugumu ni kwamba mkopeshaji atajiuliza: nikimnyang'anya chombo hiki, nitakiuza kwa nani? Soko la vyombo vya umeme vilivyotumika bado ni changa. Njia ya kumtuliza ni makubaliano ya maandishi kwamba muuzaji atavinunua tena kwa bei fulani. Wauzaji wachache watakubali, lakini anayekubali ndiye wa kununua kwake.

Kama ningekuwa na mtaji leo Dodoma, nisingegusa daladala. Basi kubwa la umeme linataka fedha nyingi mno kwa mtu anayeishi kwa nauli ya kila siku. Ningetazama mabasi ya wafanyakazi wa Mtumba, ulipo Mji wa Serikali. Kila asubuhi yanabeba watumishi kutoka mjini, kilomita kama 17, halafu yanasimama huko mchana kutwa hadi jioni. Mchana kutwa, kwenye jua la Dodoma! Paneli za sola juu ya maegesho zingeyachaji na kuyapa kivuli, safari ni ileile kila siku, na mteja ni taasisi yenye mkataba wa mwaka. Mkataba huo wenyewe ni dhamana mbele ya benki. Ili kuupata ni lazima uwe umejisajili kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma, ukiwa na TIN, leseni ya biashara na usajili wa BRELA. Sheria inatenga asilimia 30 ya manunuzi ya umma kwa makundi maalumu, kwa hiyo kikundi cha vijana au wanawake kinaweza kuingia kwa usajili huo hata kwenye kazi ndogo kama kusambaza barua, kubeba taka au kupeleka vyakula vya vikao kwa guta la umeme.

Maguta ya mizigo nayo yana nafasi nzuri. Yanakwenda polepole, hayaendi mbali, na yanalala sokoni.

Hatua ya 6: Halmashauri na kalenda yake

Mkurugenzi au afisa mipango anayesoma hapa anajua kuwa wazo lililofika Machi limechelewa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Mapendekezo ya bajeti hupikwa kuanzia miezi ya mwisho ya mwaka, hupita Kamati ya Maendeleo ya Kata, menejimenti, kamati ya fedha na Baraza la Madiwani, kisha mkoani na TAMISEMI, na Bunge hukaa Aprili hadi Juni. Mwezi wa tisa na wa kumi ndio wa kuzungumza. Na wazo liwe tayari ndani ya mpango mkakati wa halmashauri, hata kwa sentensi moja, la sivyo hakuna kifungu cha kulishika.

Fungu la kwanza ni lile ambalo tayari linatumika. Gari la taka lisilotosha vichochoro vya Chang'ombe na Majengo linaweza kupokewa na bajaji za umeme za vikundi, zikikusanya mtaani na kupeleka kwenye makontena. Hapo halmashauri haiombi fedha mpya. Inabadilisha masharti ya zabuni iliyopo, na kikundi kinatumia mkataba huo kuombea mkopo wa asilimia 10. Fedha moja inaivuta nyingine.

Fungu la pili ni miradi mikubwa inayoendelea. Dodoma imo kwenye TACTIC, mradi wa miji 45 unaotekelezwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unaojenga barabara, mifereji, masoko na stendi. Ombi langu kwa wahandisi ni dogo: kabla lami haijamwagwa kwenye stendi au maegesho, lazeni mabomba matupu ya kupitishia nyaya. Gharama yake wakati wa ujenzi ni ndogo. Baada ya lami, kila soketi ya kuchajia itamaanisha kuchimba upya. Kwenye michoro hiyohiyo simamieni njia pana ya waenda kwa miguu yenye miti. Wakazi wengi wa mji huu bado wanatembea, na mtu anayetembea kwenye kivuli hahitaji mkopo wa mtu yeyote.

Miradi ya kimkakati ya kuongeza mapato inawezekana pia, iwapo kituo cha kuchajia kitaonyesha kuwa kitaingiza fedha kweli. Ubia na sekta binafsi unafaa zaidi, nadhani: halmashauri inatoa eneo la stendi, mwekezaji anaweka chaja na betri za kubadilishana, na mapato yanagawanywa. Kituo cha Ubia cha serikali kinatoa mwongozo wa maandalizi. Kuwa makini na mikataba inayompa mwekezaji mmoja stendi zote kwa miaka mingi. Mkimpa zote, atapanga bei ya kuchaji atakavyo.

Wapo wanaouliza kuhusu hatifungani ya halmashauri, wakitaja Tanga. Ni kweli, Mamlaka ya Maji Tanga ilifungua njia mwaka 2024 kwa hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10 na riba ya asilimia 13.5. Lakini walikuwa na bili za maji za kila mwezi kama msingi wa kulipa. Soketi 20 za bajaji hazijafika huko. Halmashauri ikitaka kukopa inahitaji pia idhini ya waziri mwenye dhamana. Lianzeni jambo hili kama la miaka mitano ijayo, na kazi ya sasa iwe kutunza hesabu safi.

Hatua ya 7: Mifuko ya nje

Mfuko wa Kijani wa Tabianchi haumpi mtu fedha moja kwa moja. Hupitia taasisi zilizoidhinishwa, na CRDB iliidhinishwa mwaka 2019. Kila andiko linahitaji pia barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka Ofisi ya Makamu wa Rais. Miradi yake ni mikubwa na huchukua miaka kuandaliwa. Kwa halmashauri moja, njia ya busara ni kuungana na nyingine za kanda, Singida ikiwamo, na kupeleka wazo la pamoja.

Maandalizi yenyewe yana ufadhili wake. Mfuko unaoitwa City Climate Finance Gap Fund, unaosimamiwa na Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, husaidia miji kwenye hatua za mwanzo kabisa: upembuzi, hesabu za hewa ya ukaa, mpangilio wa fedha. Unatoa utaalamu, hautoi mabasi. Kwa vikundi na asasi kuna Programu ya Ruzuku Ndogo ya GEF, mfuko wa dunia wa mazingira, inayoendeshwa na UNDP, ambayo kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa dola 50,000. Hii ni ruzuku halisi, na inapenda miradi ya kijamii yenye kipimo. Karakana ya mafunzo kwa mafundi, ikishirikiana na VETA, ingefaa hapo kuliko ununuzi wa vyombo.

Halmashauri za Chamwino, Kondoa na Mpwapwa zimewahi kupitishiwa fedha za LoCAL za ustahimilivu wa tabianchi. Hizo ni za kukabiliana na ukame na mafuriko. Msilazimishe pikipiki za umeme humo, mtaharibu jina. Kivuko kinachosombwa na mvua ya Januari na kuwafanya watu wazunguke kilomita 20 ndicho kinachostahili.

Kuhusu biashara ya kaboni, ambayo kila mkutano huulizwa: kanuni zipo tangu 2022 na Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni kiko SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Pikipiki 10 ni tani 20 kwa mwaka. Hata zikiuzwa dola 10 kwa tani, ni dola 200, na mhakiki atakudai zaidi ya hizo. Ngoja mpaka vyombo vifike mamia chini ya ushirika mmoja. Daftari lako litunze, kwa kuwa siku hiyo litaulizwa tangu siku ya kwanza.

Hatua ya 8: Andiko na siku ya kuulizwa

Kurasa 8 zinatosha. Ukurasa wa kwanza useme nani anaomba, kiasi gani, cha kununua nini, na kitalipwaje. Ahadi ya Tanzania chini ya Mkataba wa Paris, ya kupunguza uzalishaji wa gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030 ukilinganisha na hali ya kuendelea bila hatua, itaje mara moja tu, pale unapoonyesha tani zako. Kurasa zinazobaki ziwe za daftari, ankara kifani za wauzaji wawili au watatu, makadirio ya TANESCO, majibu ya muuzaji kuhusu fundi, na jedwali la marejesho. Kwenye jedwali weka mwezi mbaya: mvua za Februari, dereva mgonjwa, betri imezimika. Onyesha kuwa hata mwezi huo rejesho linalipwa, au sema wazi litalipwa na akiba ipi.

Siku ya kuitwa, apelekwe pia dereva. Mzee mmoja wa kamati aliwahi kuwauliza vijana niliokwenda nao, "Wanangu, hii ikiwazimikia Ihumwa saa mbili usiku mtafanyaje?" Mwenyekiti wa kikundi alianza kueleza habari za betri. Dereva akamkatiza kwa heshima: "Shikamoo mzee. Tuna betri ya akiba kijiweni, na guta la kuileta. Tumeshajaribu, ilichukua dakika 40." Walipata mkopo wao wote. Jaribuni na ninyi hiyo safari ya Ihumwa usiku kabla hamjaitwa, na muandike dakika zenu kwenye daftari.